Mgeni Anadaiwa Nini?

Neno la kwanza nililosahihishwa Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, ni "nipe". Nilishuka basi alfajiri moja ya Januari, mvua inanyesha, malori yamepanga foleni ndefu kuelekea Zambia. Nikaingia kwa mama lishe nikasema, "Nipe chai." Kwetu Kakamega, Kenya, hayo ni maneno ya kila siku na hayana ubaya. Yule mama alinimiminia chai, akanisogezea chapati, ndipo akasema kwa upole, "Mwanangu, huku tunasema naomba." Mkobani nilikuwa na cheti cha ualimu na barua ya shule ya msingi iliyoniita kufundisha Kiingereza. Sijamfundisha mtu hata neno moja, nami nimeshafundishwa.

Jioni yake watoto wa jirani waliniamkia, "Shikamoo." Nikawajibu, "Poa." Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama mwenye nyumba alinieleza kwamba jibu ni marahaba, tena akaongeza jambo ambalo sijalisahau: ukiipokea shikamoo ya mtoto, umekubali kuwa mzazi wake. Hata akiwa si wako, akianguka mbele yako utamwinua, akikosea utamkanya.

Tangu siku hiyo najiuliza mgeni anadaiwa nini na wenyeji wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza: chaki, madaftari ya kusahihisha, na darasa la nne lenye watoto wenye macho makali. Lakini methali hiyo inazungumzia mikono. Inawezekana mtu akalima shamba la watu miaka kumi na moyo wake usiwahi kushuka kwenye basi. Miezi yangu ya mwanzo ilikuwa hivyo. Kila sentensi yangu ilianza na "kwetu". Kwetu mboga hupikwa hivi, kwetu watu huamka mapema, kwetu baridi si kali kama hii ya hapa. Niliyahesabu yote niliyoyakosa, na sikuhesabu hata moja nililopewa.

Jumapili nilisali na Wamoravian, ingawa nimelelewa katika kanisa la Marafiki, lile ambalo wamisionari wa Kimarekani walilianzisha Kaimosi mwaka 1902. Siku moja mahubiri yaligusa sheria ya Musa kuhusu wageni. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, ila siku hiyo niliisikiliza. Waisraeli wanaamriwa kumpenda mgeni, na sababu inayotolewa si kwamba mgeni ni dhaifu au anatia huruma. Sababu ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri, kwa hiyo wanaijua roho ya mgeni ilivyo. Ugeni, kumbe, ni elimu. Na jirani yangu Mwislamu, nilipomsimulia, alinikumbusha kwamba kalenda yao haihesabiwi tangu Mtume alipozaliwa wala tangu alipoanza kupokea wahyi. Inahesabiwa tangu Hijra ya mwaka 622, pale waumini walipoiacha Makka wakawa wageni Madina, na Mtume akawaunganisha wahamiaji na wenyeji wao, Muhajirina na Ansari, kuwa ndugu.

Tunduma ni mahali pazuri pa kuifikiria elimu hiyo, kwa sababu hapa mstari kati ya mgeni na mwenyeji ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Hadi leo mtu huvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumzika shangazi yake, na akifika inambidi airudishe saa yake nyuma kwa saa moja, ilhali jua lililo juu yake ni lilelile.

Upande ule, katika mkoa wa Muchinga ilimo Nakonde, uko mji wa Chinsali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika huko mwalimu kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), David Kaunda, akafundisha watoto wa Wabemba. Mwanawe Kenneth alizaliwa kwenye misheni ya Lubwa mwaka 1924, na mwaka 1964 akawa rais wa kwanza wa Zambia. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mzee huyo si raia wa nchi aliyoiongoza miaka 27. Baadaye Mahakama ya Juu ilimrudishia uraia wake. Nikiisoma habari hiyo najifunza kwamba ugeni unaweza kumrudia mtu hata uzeeni, na hata nyumbani kwake.

Basi kama ugeni ni elimu, mbona wengi huisahau? Hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili. Nilipokuwa mtoto, aliyesema Kiisukha, lugha yetu ya nyumbani, shuleni alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake akikisema. Walimu waliotuvika kibao walikuwa wamevishwa wao pia utotoni. Waliijua vizuri aibu ile, na wakaipitisha kwetu kama urithi. Kama maumivu peke yake yangetosha kumfundisha mtu huruma, kusingekuwa na haja ya amri. Kumbukumbu ya ugeni ni kama jembe: mmoja atalimia, mwingine atampigia mwenzake. Mungu anaamuru kwa kuwa kuna kuchagua.

Nilichagua siku moja ya Machi. Darasani kwangu kulikuwa na mvulana aliyehamia kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Momba, na kwa wiki nane alikuwa hajafungua mdomo. Sheria ya darasa ilikuwa Kiingereza tu, na wenzake walikuwa wameanza kumwita bubu. Niliweka chaki mezani nikawasimulia, kwa Kiswahili, habari ya "nipe" na ya "poa". Walicheka kama walivyocheka watoto wa jirani. Kisha nikamwomba yule mvulana anifundishe salamu ya kwao kwa Kinyamwanga. Alinifundisha. Nilikosea mara tatu, naye akanisahihisha mara tatu, kwa upole uleule wa yule mama wa chai. Kabla kipindi hakijaisha alinyoosha mkono akasema sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza. Ilikuwa na makosa mawili, nami niliyaacha hadi kesho yake.

Jibu langu ni hili: mgeni anadaiwa kukumbuka. Anadaiwa kuitunza hali ile ya siku ya kwanza kama amana, isiwe kisasi wala malalamiko, hadi atakapokutana na mtu anayeihitaji. Na kila mtoto anayeanza lugha asiyozaliwa nayo ni mgeni aliyebisha hodi. Nawasihi walimu wenzangu, mlio ugenini na mlio kwenu: kabla hamjamsahihisha, mkaribisheni.