Mwani, Maji ya Kina na Usawa

Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu miaka ya mwanzo walimaji wake wengi ni wanawake. Mfadhili anayekuja na fomu yake kuuliza idadi yao hupata jibu la kumfurahisha. Mimi fomu hiyo hunitia wasiwasi, maana inafungwa pale pale ambapo maswali ya haki yalipaswa kuanza.

Mwani hufuata maji. Siku za bamvua bahari ikikupwa mbali, akina mama huingia, wengine maji yakiwafika kiunoni, wakafunga mbegu kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti, wakavuna, kisha wakabeba magunia yanayochuruzika hadi ufukweni. Mradi ukiitisha mkutano saa nne asubuhi siku kama hiyo, mabenchi yatakaliwa na wanaume, na ripoti itasema jamii ilishirikishwa. Na mama akitoka baharini, kuni, maji na chakula cha jioni bado vinamngoja.

Kisha joto la bahari likapanda. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko spinosum, ikaanza kuoza na kufa kwenye maji madogo. Mtafiti wa Zanzibar, Dk. Flower Msuya, ameifanyia kazi kwa miaka njia ya kuipanda kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu za umbo la mrija. Lakini huko kunahitaji chombo, na kunahitaji kujua kuogelea. Wanawake wengi wa vijiji hivyo wamezaliwa wakisikia mawimbi, ila kuogelea hawakufundishwa; mtoto wa kiume aliachwa acheze majini, wa kike akaitwa jikoni. Mradi ukileta nyavu na boti bila mwalimu wa kike wa kuogelea na mavazi ya stara, umekwisha kuamua nani atalima maji ya kina, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Mwaka 1995 Mtanzania, Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake kule Beijing. Mpango wa utekelezaji uliopitishwa pale ulitaka athari za jambo kwa wanawake na kwa wanaume zichambuliwe kabla ya uamuzi kufanywa. Hilo neno "kabla" nalithamini sana. Miradi mingi humtafuta mtaalamu wa jinsia bajeti ikiwa imeshapitishwa na boti zimeshaagizwa. Maskini, hubakiwa na kazi ya kuhesabu mahudhurio.

Yapo mambo ambayo mgeni wa siku mbili hayaoni, na ndiyo ningetaka yaulizwe kwanza, tena kwa wanawake wenyewe, maji yakiwa yamejaa nao wamepumzika. Mtoto mchanga ataachwa kwa nani? Bei ya kilo ikipangwa na mnunuzi, nani anakaa mezani kwa niaba ya wakulima? Pesa zikiingia kwenye simu, simu ni ya nani? Na ile boti iliyoandikishwa kwa jina la kikundi cha akina mama, injini ikiharibika, nani kati yao amefundishwa kuifungua na kuitengeneza?