Kiangazi na kutosha kilio

Katika vitabu vya masomo vilivyotoka Ubelgiji na Ufaransa, watoto wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi walijifunza kama mwaka uko na majira ine. Moja kati ya yale ni majira ya majani kuanguka: mutu anatembea peke yake chini ya miti, anawaza maisha yake, anaachilia mambo yaliyopita. Watoto wakakariri mashairi yake mbele ya mwalimu, kisha wakatoka inje mwezi wa kumi, wakakuta miti yetu inavaa majani mapya na watu wanatazama mawingu, wanangojea mvula. Hata Kiswahili kinatuchezea hapa. Vitabu vingi vinaita majira yale ya Ulaya vuli, lakini kwa watu wa pwani ya Tanzania na Kenya vuli yenyewe ni mvua za mwisho wa mwaka.

Haiko kusema kama sisi hatuna wakati wa kuachilia. Tuko nao, paka haufuati kalenda ya Ulaya. Ni kiangazi.

Huku kwetu Katanga ya juu mvula inakatika mwezi wa ine. Mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia, usiku mutu anatafuta blanketi ya pili. Nyuma jua linapanda, majani makavu yanachomwa, moshi unafunika vilima, na miti ya miombo inamwaga majani yake mwezi wa nane na wa tisa. Kabla tone la kwanza halijaanguka, majani mapya yanatoka, nyekundu sawa mukuba. Muti haungojei mvula. Unatumia mayi ulioweka akiba ndani yake na ile mizizi inachota mbali chini ya udongo. Mugeni anayepita anafikiri pori linawaka moto.

Ni katika miezi ile ya jua ndio wazee waliweka kazi za kumaliza. Mahindi yamekwisha kuvunwa, chakula kipo. Njia zimekauka, ndugu wa mbali wanaweza kufika. Wageni wanaweza kulala inje bila kulowana. Leo tunaongeza sababu zingine: watoto wako katika likizo, na simenti ya kaburi inakauka vizuri. Basi familia nyingi zinangojea kiangazi kusudi watoshe kilio cha mutu aliyekufa mwaka uliopita. Desturi si moja: Waluba, Wabemba, Walamba, Wasanga, kila watu wako na namna yao. Lakini mambo fulani yanaonekana karibu kila pahali. Ndugu wanakusanyika, madeni ya marehemu yanasemwa mbele ya wote, wafiwa wanavua nguo nyeusi na kuvaa kikwembe kipya, munkoyo inakunywewa, na ngoma inalia mpaka asubuhi. (Juu ya gharama za viti, hema na muziki mukubwa siku hizi, tunajua wote, kuko familia zinazolipa deni la sherehe kiangazi mpaka kiangazi.)

Sasa kuko vijana wanaouliza ulizo la haki. Je, siku inaweza kuamuru moyo? Mwanamuke amezika bwana wake, na wajomba wanakaa wanapanga: tarehe fulani ya mwezi wa nane, huzuni imekwisha. Wanasema afazali kila mutu aachilie peke yake, wakati wake ukifika, sawa yule mutu wa mashairi anayetembea chini ya miti.

Ulizo lile halipaswe kuchekwa. Lakini linasahau jambo moja: kilio hakikufungwa na mufiwa peke yake. Wengine ndio walimuvalisha nguo nyeusi. Wengine ndio walikuwa wakimuangalia kama anacheka, kama anasuka nywele, kama anasimama na mwanaume njiani. Yeye peke yake hawezi kujifungua. Hata akikauka machozi kisha miezi mitatu, akivaa kikwembe cha rangi watamusema. Kwa hiyo siku ya kutosha kilio haimwambii: usilie tena. Mujane anaweza kulia kesho yake asubuhi, na hakuna atakayemushangaa. Siku ile inaambia wale wengine: kuanzia leo hamuna tena haki ya kumuchunga. Anayeachilia kwanza ni jamaa, na wanaachilia mbele ya mashahidi. Mutu anayetembea peke yake chini ya miti hapati kitu hiki, hata akiwaza namna gani.

Hapo ndipo naona uzuri wa desturi, na hapo hapo ndipo hatari yake iko. Maana kuko familia zinazotumia siku ile kwa kumufungua mujane na kumufungua na nyumba yake pia. Asubuhi wanamutosha nguo nyeusi. Magaribi dada na ndugu za marehemu wanahesabu viti, televizyo, mabati. Wanamwambia kwa sauti ya upole: mama, ya zamani yamekwisha, acha. Neno «acha» limegeuka katika kinywa chao. Zamani pahali fulani walimwambia pia kama anapaswa kurithiwa na ndugu ya bwana wake, ndio roho ya marehemu imuache. Wanawake wengi leo wanakataa, na wana haki.

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, iko wazi juu ya mambo haya. Watoto ndio warizi wa kwanza. Mujane ni murizi pia, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, na iko inamupa haki ya kutumia ile nyumba waliyokaa yeye na bwana wake, na vyombo vyake vya ndani. Lakini katika kikao cha jamaa ni nani anakuja na kitabu cha sheria? Watu wanakuja na desturi. Basi tuangalie desturi yenyewe, na kiangazi chenyewe, kama vinakubali kazi hiyo.

Muti hauangushi jani ovyo. Kwanza unarudisha ndani ya tawi chakula ambacho bado kinaweza kutumika. Nyuma unafunga pahali pale jani lilishikamana, na jani linaanguka kidonda kikiwa kimefungwa. Lakini mupite kwenye barabara za makala, mutazame tawi lililokatwa likiwa bado bichi, wakati wa mvula. Majani yake yanakauka na hayaanguki. Yanabaki yananing'inia wiki na wiki, meusi, yanapiga kelele na upepo, juu ya nini tawi lilikufa mbele ya kumaliza kazi ile ya kuachilia. Mujane aliyenyang'anywa nyumba siku ya kutosha kilio ni tawi la namna ile. Mumuone kisha miaka kumi: bado anasimulia habari ya viti vile, kiti kwa kiti. Na jirani wanasema, yule mama hajui kuachilia.

Kwa hiyo mimi sikubali wale wanaotaka kufuta siku ile, wala wale wanaoiita desturi ili wabebe mabati. Ninasema kuko mazungumzo yanayopaswa kwisha mbele ya ngoma kuletwa: nyumba inabaki kwa nani, masomo ya watoto yatalipwa na nani, deni gani litabebwa na jamaa. Na mujane mwenyewe aulizwe mbele ya wote, wala si na mujomba mumoja nyuma ya nyumba, kama siku iliyochaguliwa inamufaa. Akisema bado, muzee wa jamaa atume habari kwa ndugu wa Kolwezi na wa Kasenga kama wasipande gari mwaka huu, na munkoyo ingojee kiangazi kinachokuja.