Ng'ombe Aliyezikwa

Je, mtu mwenye madaraka anaruhusiwa kuficha ukweli ili watu wasije wakadhurika? Nilipokuwa kijana kazini ningelijibu swali hili upesi. Leo nimestaafu, na jibu bado linanisumbua kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyekufa mwaka 1994.

Nilikuwa bwana mifugo katika kata moja upande wa Mlima Meru. Asubuhi moja niliitwa kwa mama mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Jioni alikamuliwa kama kawaida. Asubuhi alikutwa amekufa. Tumbo limevimba, miguu haijakakamaa, na puani pametoka damu nyeusi isiyoganda. Aliyesomea kazi ile, akiona dalili hizo, hufikiri kwanza kimeta.

Kimeta si ugonjwa wa kuchezea. Bakteria wake wakiwa ndani ya mzoga usiopasuliwa hufa upesi nyama inapooza, lakini ukiupasua wakapata hewa, hujifunga katika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi, wakingoja mnyama mwingine aje kula majani pale. Waingereza waliwafanyia majaribio ya silaha katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942. Kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, baada ya ardhi yake kumwagiwa dawa. Ndiyo maana tulikatazwa kupasua. Tulifundishwa kuchukua tone la damu sikioni, kulipaka juu ya kioo na kukipeleka maabara, ambako hutiwa rangi. Bakteria wa kimeta huonekana katika darubini kama vijiti vya buluu vilivyoungana mnyororo, vimezungukwa na utando wa rangi ya waridi.

Lakini maabara ilikuwa mbali, na majirani walikuwa wamekwisha kufika na visu na mabeseni. Kibudu hakikuwatisha, walikwisha kula vingi na wako hai. Tena walikuwa na hesabu yao, nayo si ya kipumbavu: nyama ile ikiuzwa, mama angepata walau fedha za kuanzia kununua ndama. Nikaamuru ng'ombe azikwe mzima, shimo la mita mbili, na chokaa juu yake. Mama aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, nikimzika, nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu. Fidia haikuwapo. Yeye alipoteza ng'ombe; mimi nilirudi nyumbani na mshahara wangu haukupungua hata senti. Wale waliokuwa wameugusa mzoga niliwapeleka zahanati, maana kimeta kikiwahiwa hutibika kwa penisilini, na ng'ombe wa jirani wakachanjwa.

Siku ya nne majibu yakaja: kimeta hakikuonekana.

Nilikaa na karatasi ile mfukoni. Majibu hayo hayakusema kwamba ng'ombe hakuwa na kimeta. Jua lilikuwa kali, mzoga ulikuwa umeanza kuharibika nilipofika, na damu ya namna hiyo huweza kudanganya. Lakini pia chambavu huua ghafla, na sumu ya majani kadhalika. Nikajiambia: nikiwasomea watu karatasi hii, mara ijayo hakuna atakayekubali kuzika, na huenda mara hiyo akafa mtoto. Nikanyamaza.

Kuhusu amri ya kuzika sijutii. Naamini uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana wakati wa kuutoa, wala si kwa karatasi iliyokuja siku nne baadaye. Kunyamaza ni jambo jingine. Nilijidai kuwalinda watu, kumbe kwa sehemu nilikuwa nailinda heshima yangu, na sababu hizi mbili hufanana sana hata mwenyewe hushindwa kuzitenga. Tena nilimnyang'anya mama yule mara mbili: kwanza ng'ombe wake, kisha haki ya kunikasirikia. (Wala siri ya kijijini haina maisha marefu. Mhudumu wa maabara ni shemeji wa mtu fulani.)

Baada ya miezi mitano nilikwenda. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Kwa hiyo hujui alichokufa nacho."

"Sijui, mama."

"Na angekufa leo, ungeniambia nizike?"

"Ningekuambia uzike."

Alichambua maharage kitambo, kisha akasema kwamba hilo la pili angelipokea, lakini kwa nini nilimwacha miezi mitano akiwaambia watu kwamba nyumbani kwake pana kimeta, hata maziwa ya mbuzi wake hayanunuliwi? Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Katika mizani yangu yote nilipima vifo, nikasahau maziwa ya mbuzi.

Mwaka uliofuata ndama wa jirani yake alikufa ghafla. Ni yeye aliyemtuma mjukuu kuja kuniita, na nilipofika nilikuta amesimama kando ya mzoga, visu bado viko ndani. Lakini deni lake hakulisamehe. Kila tulipokutana sokoni aliitikia shikamoo yangu vizuri, akaniuliza habari za watoto, kisha akanitajia bei ya ndama.