Mama, Hebu Rudia Hiyo Dua

Wiki hii nimekasirishwa na vijana wenye kamera, na hasira yenyewe imegoma kuondoka. Jirani yetu mmoja ana mtoto bondia, wa yale mapambano ya utangulizi, ambaye jina lake hukaa chini kabisa ya bango kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Safari hii promota kaamua kila bondia atengenezewe video ya maisha yake: anavyoamka, anavyokimbia alfajiri, anavyokula, anavyowaaga wazazi. Wakaja watatu, mmoja wa kamera, mmoja wa taa, na mmoja wa maneno. Mama mtu alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua mchele. Mwanawe akapiga goti, mama akaweka ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kanga, akamshika kichwa na kumwombea dua. Sisi tuliokaa barazani tukanyamaza wote. Dua ilipokwisha, yule wa maneno akasema: "Mama samahani, mkokoteni umepita, sauti haikuingia vizuri. Hebu rudia hiyo dua, halafu angalia huku kidogo."

Mama akarudia. Tena ya pili ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Machozi yalikuja pale pale yalipotakiwa. Kijana wa taa akainua dole gumba.

Najua wapo watakaoniambia nimezidisha. Mama hakulazimishwa, dua ni ileile, Mungu hakasiriki akiombwa mara mbili. Sawa. Lakini nilimtazama yule mama alipokuwa anaurudia ungo wake, na sikuona mtu aliyetoka kumwombea mwanawe. Niliona mtu aliyemaliza kibarua, na kibarua chenyewe hakikulipwa.

Mtindo huu una kwao. Aprili 2007 kituo cha HBO cha Marekani kilianza kurusha mfululizo ulioitwa 24/7, wa kuelekea pambano la Oscar De La Hoya na Floyd Mayweather, lililopigwa Las Vegas Mei 5 mwaka huo. Sehemu nne, nusu saa kila moja, na msimulizi ni mwigizaji Liev Schreiber, sauti nzito na ya taratibu kama ya mtu anayesoma wosia. Kabla ya hapo bondia mkubwa mara nyingi tulikuwa tunamwona kwenye mizani, kisha kwenye mkutano na waandishi akitukanana na mwenzake, kisha ulingoni. HBO ikatuingiza jikoni kwake, garini kwake, na kwenye ugomvi wa familia yake.

Na ugomvi wa kina Mayweather haukuwa mdogo. Baba mtu, Floyd mkubwa, ndiye aliyekuwa kocha wa De La Hoya kwa miaka kadhaa. Lilipokuja pambano la De La Hoya na mwanawe wa kumzaa, mzee alitaka dola milioni 2 ili amwandae De La Hoya kumpiga mtoto huyo. De La Hoya akaona bora amchukue kocha Freddie Roach. Mzee akahamia kambi ya mwanawe, ambako kocha alikuwa Roger, mdogo wake mwenyewe, na ndugu hao wawili walikuwa hawaivi. Mtunzi wa tamthilia akiandika hivyo tutamwambia ametia chumvi. Kamera ilisimama katikati yao, na kila Jumapili Wamarekani walikuwa na la kuzungumza.

Usiku wa pambano, nyumba zipatazo milioni 2.4 zililipa, kila moja karibu dola 55, ili kutazama. Ilikuwa rekodi ya wakati ule. Sitasema ni 24/7 peke yake iliyoleta wateja wote hao, maana De La Hoya alikuwa na jina kubwa tangu medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya 1992. Lakini wauzaji wa ngumi walihesabu, wakaelewa. Kuanzia hapo mapambano makubwa mengi yalikuja na kamera kambini. Mayweather alipohamia kituo cha Showtime mwaka 2013, huko nako alikuta mfululizo wa aina hiyohiyo, All Access.

Nisijifanye mtakatifu. Nazipenda hizi makala, na usiku mwingi zimenikeshesha. Ndizo zilizonionyesha bondia Manny Pacquiao akipandisha vilima vya Los Angeles alfajiri, mbwa wake mdogo akikimbia nyuma yake. Ndizo zilizonionyesha Ricky Hatton, mtoto wa Manchester, ambaye ukimkuta baa kwao usingedhani ana mkanda wa dunia. Mtu anayesema ngumi ni ushenzi tu, mwonyeshe nusu saa ya Freddie Roach akiwa kazini na ugonjwa wake wa Parkinson, mwili unatetemeka, lakini akivaa zile pedi za kupokelea ngumi mikono inatulia. Hilo hakuna ripota wa michezo aliyewahi kunionyesha kwa maneno.

Kinachonitatiza ni kwamba anayetusimulia maisha ya bondia ndiye huyohuyo anayetuuzia pambano lake. HBO ilisimulia, HBO ikauza. Showtime vilevile. Hakuna aliyeficha, na labda ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Msimulizi wa namna hiyo hawezi kutuambia kwamba bondia fulani amechoka, kwamba anapaswa kustaafu, kwamba pambano lenyewe halina usawa. Atatuonyesha machozi, maana machozi yanauza. Picha ya kichwa ya hospitali hatatuonyesha.

Mwaka 2014 jambo hili lilijianika lenyewe. Mayweather alikuwa anajiandaa kurudiana na Marcos Maidana mwezi Septemba. All Access ikaonyesha vijana wawili wakipigana kwenye ukumbi wake wa mazoezi Las Vegas, dakika 31 bila mapumziko, watu wazima wamezunguka ulingo wanapiga kelele na kuwekeana dau. Ikaonyesha pia wanawake nyumbani kwake wakivuta kitu kilichoonekana wazi kuwa ni bangi. Kamisheni ya michezo ya ngumi ya jimbo la Nevada ikashtuka. Pambano likapigwa, Mayweather akashinda, na siku chache baadaye akaitwa kujieleza.

Alijieleza kwa utulivu kabisa. Aliwaambia ile haikuwa bangi halisi. Wale vijana walipumzika, ila mapumziko hayakuonyeshwa. Yote yalikuwa burudani, ya kuwavutia watu wanunue pambano. Kamisheni ikamsikiliza, ikaridhika, hapakuwa na adhabu, watu wakatawanyika.

Mimi sikutawanyika. Huyu ni bondia maarufu kuliko wote wa zama zake, mbele ya chombo cha serikali, anasema kwamba kile tulichoambiwa ni maisha yake ya faragha kilikuwa maigizo. Na kituo kilichotuuzia kama ukweli hakikuonekana kuona haya. Sasa fikiria upande wa pili. Je, kama alisema uongo kwenye kikao, na vijana wale kweli walipigana nusu saa nzima bila kupumzika? Basi kamera ilisimama pale ikitazama watoto wa watu wanaumizana, na mwenye kamera akaona amepata kipande kizuri. Chagua unaloamini. Mimi sioni lililo na nafuu.

Tena Mayweather ana nguvu. Alijifunza mapema kuitumia kamera kuliko inavyomtumia, akahesabu noti mbele yake, akajiita Money, akawa mtu ambaye wateja wengi walinunua pambano ili wamwone akipigwa. Alilipwa kwa kuigiza kama alivyolipwa kwa kupigana. Mimi siandiki kwa ajili yake. Waulizwe wale wasio na nguvu hiyo.

Najai Turpin alikuwa kijana wa Philadelphia, umri miaka 23, mmoja wa mabondia waliochaguliwa kuingia The Contender, kipindi cha NBC kilichoandaliwa na Mark Burnett na Sylvester Stallone, ambacho mshindi angeondoka na dola milioni moja. Mabondia waliwekwa kwenye nyumba moja, wakapigwa picha usiku na mchana. Mapambano yao ya raundi tano yalikatwakatwa na kuwekewa muziki. Familia zililetwa, watoto wakakaa mbele kabisa ili kamera iyapate macho yao baba anapoanguka. Turpin alipigwa na Sergio Mora, akarudi kwao kusubiri kipindi kirushwe. Februari 14, 2005, wiki chache kabla ya kuanza kurushwa, alijiua.

Sisemi televisheni ilimuua. Mtu akijiua, anayedai anajua sababu moja ni mwongo, na waandaaji nao walikanusha kuhusika. Walifungua mfuko kwa ajili ya mtoto wake, na hilo ni jema. Ila kipindi hakikusimama. Machi kilianza kurushwa kama kilivyopangwa, na watazamaji wakamwona Turpin akicheka, akifanya mazoezi, akitamani.

Hatton naye. Desemba 2007 Mayweather alimsimamisha raundi ya 10, Mei 2009 Pacquiao akamlaza raundi ya pili, na safari zote mbili 24/7 ilikuwa imeshapiga kambi nyumbani kwake kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo Hatton mwenyewe alieleza hadharani jinsi alivyozama kwenye sonona, ulevi na mawazo ya kujiua. Alifariki Septemba 2025, miaka 46. Nikirudia kumtazama leo kwenye zile sehemu za 2007, mzaha wake wote unanipa shida kuucheka.

Promota wetu nimeshamsikia anavyojibu, maana hawa wote hujibu kwa sauti moja. "Ndugu mwandishi, bila video hizi nani atamjua kijana wako? Unataka afe maskini hajulikani?" Na ana hoja, tena nzito. Mkenya Robert Wangila alileta dhahabu ya ngumi kutoka Seoul mwaka 1988, akaenda kutafuta maisha kwenye ngumi za kulipwa, akafariki Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas, mji uleule wa kina Mayweather, umri miaka 26. Hakuna kamera iliyomfuata jikoni. Vijana wangapi leo Nairobi, achilia mbali Dar, wanaweza kukusimulia habari zake? Kwa upande mwingine, bondia wetu wa Tanzania, Karim Mandonga, alipigwa Songea mwaka 2022 na umaarufu wake ukapanda badala ya kushuka, kwa sababu mbele ya maikrofoni hakuna anayemweza. Kujulikana ni mtaji. Hilo promota hajakosea.

Na kuna anayesema, basi kamera irudi pia baada ya pambano, tuone na upande wa pili. Nilikuwa na wazo hilo mpaka nikamkumbuka bondia wa kike wa Kenya, Conjestina Achieng. Kamera zilimrudia huyo, tena mara nyingi, akiwa mgonjwa kijijini kwao Siaya, na nyingine zilipaswa kumwachia heshima yake. Kurudi peke yake si wema.

Ninachotaka ni kidogo na kinaandikika. Kama nyumba ya bondia imekuwa sehemu ya kazi, basi ilipwe kama kazi. Mama aliyerudia dua alifanya kazi ya promota kwa karibu saa nzima. Alistahili bahasha, na alistahili kuambiwa tangu mwanzo kwamba anaweza kukataa bila mwanawe kuondolewa kwenye pambano. Bondia naye awe na haki ya kuitazama video kabla haijarushwa na kusema kipande hiki hapana. Na kilichorudiwa kwa ajili ya kamera kiandikwe kwenye skrini kwamba kimerudiwa.

Kamisheni yetu ya ngumi za kulipwa, TPBRC, tayari inasimamia mikataba ya mapambano, mizani na vipimo vya afya. Kuongeza ukurasa mmoja wa kamera kwenye mkataba hakuhitaji bunge. Nevada angalau walimwita mtu wakamuuliza. Sisi tunaweza kuuliza kabla.

Promota atasema gharama zitapanda. Zitapanda, ndiyo. Apunguze watu wa meza za mbele wanaoingia bure kila pambano. Nawafahamu kwa sura, wengine ni waandishi wenzangu.