Mwacheni Mgeni Azungushe Mwenyewe

Wanangu, nimeutazama mchoro wa banda lenu la magari ya umeme kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Mabango ni mengi mno. Ondoeni nusu yake, mahali pake pakae meza moja yenye gurudumu la baiskeli na mpini wa kuzungushia.

Kwa wauza vipuri tafuteni mota ya feni ya rejeta, ile yenye sumaku ndani. Ya waipa msiichukue, kwani gia yake hujifunga na haikubali kuzungushwa kutokea nje. Mkanda utoke kwenye gurudumu hadi kwenye mota, ili mota iende mbio kuliko mkono. Kisha unganisheni taa ya gari, katikati mtie swichi.

Swichi ikiwa imezimwa, mpini ni mwepesi. Mgeni akiiwasha huku anazungusha, taa itawaka na mpini utakuwa mzito papo hapo. Uzito huo ndio breki ya mota katika gari la umeme. Gari la petroli likishuka Mlima Kitonga, nguvu ya mteremko huishia kuwa joto kwenye breki na injini. La umeme huigeuza mota yake kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Mwaka 1821 Michael Faraday alionyesha waya wenye umeme ukiizunguka sumaku, na mwaka 1831 akaonyesha sumaku ikizaa umeme. Mambo hayo mawili yamo ndani ya mota moja, na mgeni atayajua kwa misuli ya mkono wake. Hakuna bango litakaloweza kumfundisha hivyo.

Kila kitu kibaki kwenye volti 12, na fyuzi isikosekane. Betri za magari mengi halisi zina volti zipatazo 400, nazo huua. Msithubutu kufungua hata moja kwa ajili ya maonyesho.

Mtaulizwa maswali magumu, nanyi msiyakwepe. Kobalti ya betri nyingi inachimbwa Kongo, kwa jirani zetu, na wako wachimbaji wadogo wanaoteseka kuipata. Semeni hivyo, kisha mweleze kwamba zipo betri za chuma na fosfeti zisizoihitaji. Mgeni akiuliza umeme wa kuchaji utatoka wapi, mtajieni Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115.

Nawaomba jambo moja zaidi: asisimame yeyote kati yenu kumhutubia mgeni kabla hajashika mpini. Azungushe kwanza, aulize, ndipo mjibu.