Kinachokivuta Kigari

Kigari cha gramu 900 kimewekwa juu ya meza nyororo. Uzi mwepesi umefungwa mbele yake, ukapitishwa juu ya kapi ukingoni mwa meza, na nchani pakaning'inizwa chuma cha gramu 100. Kigari kikiachiwa, hukimbilia kwenye kapi. Ni nini hasa kinachokivuta?

Jibu la haraka ni uzito wa chuma. Sheria ya pili ya mwendo, iliyochapishwa na Isaac Newton mwaka 1687, hailikubali hivi hivi. Uzito huo, nyutoni 0.98, unaendesha kilo nzima: kigari pamoja na chuma chenyewe. Msuguano ukipuuzwa, kasi huongezeka kwa mita 0.98 kwa sekunde katika kila sekunde, na uzi hukivuta kigari kwa nyutoni 0.88 tu. Kinachobaki hukiharakisha chuma kinachoshuka. Kwa hiyo kigari huvutwa na uzi, uzi na chuma, chuma na dunia. Na dunia je, inavutaje? Newton alikiri kwamba sababu ya mvuto huo hakuipata.

Hapo, kwenye swali la sababu, ndipo mwanatheolojia Al-Ghazali anapoingia. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, mwishoni mwa karne ya 11, alitoa mfano wa pamba na moto: jicho huona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini halioni kwamba moto ndio mtendaji. Kwake mtendaji ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kuwa anayekanusha sababu anakanusha na akili. Katika karne ya 18 mwanafalsafa David Hume naye alisema ulazima hauonekani popote. Kinachoonekana ni mfuatano tu; ulazima ni mazoea ya akili.

Jaribio la kigari haliwezi kuamua ugomvi huu, maana hesabu hubaki ileile, mtendaji awe uzi au Mungu. Hata hivyo linayabana mazoea. Chuma cha gramu 130, ambacho hakijawahi kuning'inizwa hapo, hupigiwa hesabu kabla, na kigari hakiendi mbali nayo. Mazoea ya jicho pekee hayazai tarakimu ambayo halijaiona. Lazima pawe na mpango nje ya anayetazama. Al-Ghazali hakuukana mpango huo. Aliuita desturi ya Mungu, ambaye pia humuumbia mwanadamu ujuzi kwamba desturi hiyo haitavunjwa ovyo, na kwa ujuzi huo mtu huweza kupima.