Tiki Ndogo, Deni Kubwa

Mkenya aliyehamia Marekani juzi juzi, akafungua biashara, ana haki ya kuomba pesa zilizotengewa biashara za watu Weusi? Ukiuliza swali hili kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia utajibiwa hujamaliza hata kuandika: "Kwani yeye ni mzungu?" Mjadala utaishia hapo, na mtu atatuma picha za harusi. Mimi nimekaa na swali hili miezi kadhaa, na naona jibu hilo la haraka ni nusu ya ukweli.

Lilinifikia kupitia kwa binamu yangu. Yuko Texas mwaka wa saba sasa. Usiku anahudumia wazee kwenye makao yao, wikendi anapika: pilau, sambusa, mandazi, chapati za kubebwa kwa trei hadi kwenye harusi na matanga ya Wakenya. Biashara ameisajili na kodi analipa. Anachokosa ni pesa za kununua friji kubwa na kukodi jiko lenye leseni. Basi akaona ruzuku ya dola 5,000, pesa za kupewa, si mkopo. Masharti: mtu Mweusi amiliki angalau asilimia 51 ya biashara, alete taarifa za benki, halafu aandike insha ya maneno 300 kuhusu "safari yake". Kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa familia, fomu ikatumwa Nairobi. Tiki haikumsumbua. Kilichomkwamisha ni insha. "Kaka," akaniuliza, "hawa wanataka niseme nimeteseka kama nani?"

Hapo sasa. Ili uone uzito wa swali lake, lazima ujue pesa kama hizi zinajaribu kuziba pengo gani. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, Bunge la huko liliidhinisha benki ya akiba kwa ajili ya walioachwa huru. Mwaka 1874 benki hiyo ikaanguka, na makumi ya maelfu ya watu wakaona akiba zao zikiyeyuka. Mwaka 1921, huko Tulsa, mtaa wa Greenwood uliojaa maduka, hoteli na ofisi za watu Weusi ulichomwa moto na kundi la wazungu kwa muda usiozidi siku mbili. Miaka ya 1930, shirika la serikali lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa ya watu Weusi, alama ya kwamba kukopesha huko ni hatari. Na biashara nyingi huanzaje? Mtu huweka rehani nyumba ya wazazi, au humwendea mjomba mwenye chapaa. Ukizuia watu kununua nyumba kwa vizazi viwili, umewanyima pia huyo mjomba. Ruzuku ndogo ni mjomba wa kuazima.

Sasa mtazame binamu yangu. Nyanya yake hakuwa Tulsa. Alikuwa Murang'a, na yake aliyapitia mikononi mwa serikali nyingine ya kikoloni. Ramani zile nyekundu hazikumgusa. Kama lengo la pesa hizi ni kurekebisha kilichovunjwa, basi apewe aliyevunjiwa. Wako Wamarekani Weusi wanaosema hivyo waziwazi, kwamba wahamiaji kutoka Afrika na Karibi wasihesabiwe pamoja na wajukuu wa watumwa, na si lazima iwe chuki. Ni swali la haki: ukifidia familia ya aliyegongwa na gari, huanzi kugawia kila anayefanana naye.

Lakini Marekani yenyewe haiulizi babu yako alizikwa wapi. Mwaka 1999, polisi wa New York walimfyatulia Amadou Diallo risasi 41 mlangoni kwa nyumba yake. Alikuwa kijana kutoka Guinea, hana silaha, ametoa pochi tu. Hakuna aliyemuuliza kwanza kama ni mjukuu wa watumwa. Vivyo hivyo, binamu yangu akiingia benki, afisa wa mikopo haoni Murang'a. Anaona mwanamke Mweusi asiye na nyumba ya kuweka rehani.

Kwa hiyo nadhani tunachanganya mambo mawili. Kuna fidia ya jana, na kuna msaada wa kuruka kizuizi cha leo. Ile ya jana si yake. Kizuizi cha leo ni chake pia. Kisanduku cha tiki kinauliza habari ya leo, na hapo hana la kuogopa. Hatari iko kwenye insha, kwa sababu hapo ni rahisi kuazima makovu. Anayesoma fomu huenda asijue tofauti. Wewe unajua.

Wengine watasema haya yote ni anasa, maana sufuria yenyewe inanyang'anywa. Wana hoja. Huko Atlanta, mfuko uitwao Fearless Fund ulikuwa unatoa ruzuku za dola 20,000 kwa biashara za wanawake Weusi. Agosti 2023 ukashtakiwa na kundi la Edward Blum, yule yule aliyeongoza kesi iliyobomoa upendeleo wa rangi katika kuingiza wanafunzi vyuoni. Silaha yake ilikuwa sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa ili watu waliotoka utumwani wapate haki ya kufanya mikataba kama wazungu. Soma tena sentensi hiyo. Juni 2024 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufaa walikubaliana naye kiasi cha kuzuia ruzuku hiyo, na Septemba pande mbili zikapatana: mashindano hayo yafungwe.

Kwangu mimi, hilo linaongeza uzito wa swali. Chakula kikiwa kingi hakuna anayemhesabu mgeni. Kikipungua, mgeni mwenye adabu hujihesabu mwenyewe.

Je, adabu inamtaka anawe mikono aondoke? Hapana, na sababu yangu ni ya Kenya kabisa. Septemba 1959, ndege ilibeba wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Barua ya kuwachangia ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, Wamarekani Weusi watatu, wakati ambapo katika majimbo ya Kusini watu wa rangi yao hawakuruhusiwa kuketi kwenye mikahawa mingi. Hawakusema kwanza tujitosheleze. Mwaka uliofuata mpango huo ulimbeba Wangari Maathai. Kisha mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia, ndipo Marekani ilipofuta mgawo wa viza uliopendelea Wazungu wa Ulaya Kaskazini. Mlango alioingilia binamu yangu ulisukumwa na watu waliopigwa virungu.

Kwetu mchango wa harusi huandikwa kwenye daftari. Si ati watu wajisifu. Ni ili ujue nani ukamchangie zamu yake ikifika. Anayeweka tiki kwenye fomu ile jina lake linaingia kwenye daftari hilo.

Na hapa ndipo tunapochokoza ukweli usiopendwa. Umewasikia watu wetu walio kule wakiwasema Wamarekani Weusi: wavivu, wanalialia, sisi tumekuja juzi na tayari tuna nyumba. Jumapili baada ya ibada mtu anakwambia "sisi si kama wao." Jumatatu anaweka tiki. Huyo ndiye ninayemwona ametenda ubaya, hata kama kila karatasi yake ni halali. Huwezi kuwa Mweusi kwenye fomu, halafu Mkenya tu kwenye umbea. Sio huko pekee. Hapa nyumbani asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sote tunajua mse aliyesajili kampuni kwa jina la dadake. Sheria huangalia jina kwenye karatasi. Dhamiri huuliza jina hilo linafanya nini huko.

Kwenye insha yake tuliandika zamu za usiku, trei, na mkopo alionyimwa. Maneno 287, na hakuna pamba wala minyororo ndani yake. Matokeo bado. Akipata, pesa ni zake bila aibu. Nilichomwambia ni kwamba siku mama wa Kimarekani wa mtaa wake atakapoanza kuuza keki zake bila friji, asimuulize ametoka wapi. Amfungulie lake.